Jina la Kupanga na Kitabu cha Amali



Mafundisho ya dini ya Islam yanazigawa haki katika mafungu mawili: haki za Mwenyezi Mungu na haki za viumbe Vyake. Mtu akikosa katika fungu la kwanza, mlango wa toba uko wazi kwake usiku na mchana. Lakini akimdhulumu binadamu mwenziwe, humpasa kwanza amwendee yule aliyemdhulumu, amrudishie kilicho chake au amwombe radhi, ndipo toba yake itimie. Jambo hili tumelihubiri mara nyingi, nao wasikilizaji hulikubali bila taabu, maana kila mtu anamjua jirani aliyemkosea na anaijua nyumba yake.

Siku moja nililetewa swali ambalo sikuwa na jibu lake tayari. Baada ya sala ya Alasiri kijana mmoja, aliyeingia katika Islam si zamani, alibaki msikitini wenzake walipotoka. Akasema: "Maalim, mtu akimkosea mtu asiyemjua jina wala nchi, wala hajui kama ni mwanamume au mwanamke, mzima au mtoto, amwombe radhi vipi?"

Nilidhani ananitegea kitendawili. Nikamwomba aeleze, naye akaeleza huku akiinamia jamvi. Yeye ni mchoraji. Kwa miaka kadhaa amekuwa mmoja katika jumuiya ya vijana wa nchi nyingi ambao huchora watu wa katuni za Kijapani na kuonyeshana michoro yao katika intaneti. Humo hakuna anayetumia jina alilopewa na wazazi wake; kila mmoja ana lakabu. Usiku mmoja mwanafunzi mpya alileta mchoro wake wa kwanza. Vidole vya mkono vilikuwa sita, na jicho moja lilikuwa kubwa kuliko la pili. Kijana wetu akaandika chini yake mzaha mmoja, maneno yasiyozidi kumi. Wenzake wakacheka, wakaongeza yao. Kulipopambazuka mizaha ilikuwa imejaa ukurasa mzima. Jioni yake yule mwanafunzi aliufuta mchoro, akaondoa na jina lake, na tangu siku ile hakuonekana tena.

"Wakati ule sikuwa Mwislamu," akasema kijana. "Lakini nimejifunza kwamba haki ya mtu haifutiki hivi hivi. Nimemtafuta, simpati."

Jumuiya hizi ni kitu gani?

Huenda baadhi yenu, hasa wazee wenzangu, mtasema kwamba haya ni mambo ya watoto na simu zao. Mimi pia nilikuwa na fikira hiyo. Basi nilijipa kazi ya kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mashabiki walikuwako kabla ya intaneti. Mwaka 1967, huko Marekani, wapenzi wa mchezo wa televisheni uitwao Star Trek walitoa kijigazeti chao kilichoitwa Spockanalia, ambamo waliandika na kuchora wenyewe juu ya watu wa mchezo ule. Tarehe 21 Desemba 1975, mjini Tokyo, vikundi 32 vya wapenda katuni vilikutana kuuza vitabu walivyojichapishia. Mkutano huo, uitwao Comiket, umekua hata ukahudhuriwa na malaki ya watu. Intaneti ilipoenea, makusanyiko haya yakahamia humo. FanFiction.net ilianza mwaka 1998 kwa watunga hadithi, DeviantArt mwezi wa Agosti 2000 kwa wachoraji, na Pixiv huko Japani mwaka 2007. Mwaka huo huo wa 2007 mashabiki waliunda shirika lisilotafuta faida, nalo mwaka 2009 likawafungulia watu hazina ya hadithi iitwayo Archive of Our Own. Leo hazina hiyo ina kazi zaidi ya milioni 10. Inaendeshwa kwa michango na kwa watu wanaojitolea, na mwaka 2019 ilipata tuzo ya Hugo, ambayo ni tuzo kubwa miongoni mwa wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi.

Maisha ya kila siku humo ni haya. Msichana amefunga kibanda cha mama yake, au mwanafunzi amemaliza masomo ya jioni. Anafungua simu, anamalizia mchoro alioanza juzi, anauweka mbele ya watu, kisha anangoja. Wapitao wanaweza kuweka alama ya kupendezwa, kuandika maoni, au kupita kimya. Hesabu ya alama hizo huonekana kwa wote. Asubuhi, kabla hajanawa uso, kitu cha kwanza anachotazama ni ile hesabu. Ndugu msomaji, hapo pana moyo wa mtu unaongoja kupokewa, na penye moyo wa mtu dini ina neno la kusema.

Wema uliomo

Yatupasa tuwe waadilifu hata juu ya mambo tusiyoyazoea. Sikatai kwamba humo mna machafu mengi, ambayo Mwislamu humpasa kuyakimbia, kama tunavyoyakimbia katika mitaa yetu. Lakini nimeona pia mambo yaliyonifundisha.

Baadhi ya watunga hadithi wana desturi kwamba mtu haitoi hadithi yake mpaka mwenzake aisome na kuisahihisha bila malipo. Mtu wa bara moja hukesha akisahihisha kazi ya mtu wa bara jingine ambaye hatakutana naye kamwe. Wana desturi ya kuandika juu ya kila hadithi ilivyo na yaliyomo, ili asiyetaka kukutana na jambo fulani aepuke kabla hajaingia. Tangu mwaka 2003 wana mabadilishano ya kila mwaka yaitwayo Yuletide: kila ashirikiye huandika hadithi kuwa zawadi kwa mtu asiyemchagua, naye hupokea zawadi kutoka kwa mwingine, na jina la mwandishi hufichwa mpaka zawadi zimekwisha kusomwa.

Hebu tafakari jambo hilo la mwisho. Kurani Tukufu inazisifu sadaka zitolewazo kwa wazi, lakini zile zitolewazo kwa siri inazihesabu kuwa bora zaidi kwa mtoaji. Basi kuficha jina kwenyewe si dhambi. Jina lililofichwa laweza kuwa pazia la sadaka, tena laweza kuwa pazia la dhuluma. Pazia ni lile lile. Kilicho tofauti ni nia ya aliyesimama nyuma yake, na Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha kwamba amali hupimwa kwa nia.

Ulimi usio na uso

Katika Sura Hujurat Mwenyezi Mungu amewakataza waumini kudharauliana. Amewataja wanaume peke yao na wanawake peke yao, asipate mtu pa kujificha akisema kwamba onyo si lake. Na sababu aliyoitoa ni kwamba huenda yule anayechekwa ni bora kuliko yule anayecheka. Kisha akakataza watu kutiana aibu na kuitana kwa majina ya kuudhi.

Sababu hiyo yapasa tuiangalie sana. Mzee akimcheka jirani yake, angalau amemwona. Anajua kama ni mgonjwa au mzima, kama amefiwa au ana furaha. Lakini mtu anayeicheka lakabu hajui hata kidogo anamcheka nani. Huenda vile vidole sita vilichorwa na mtoto wa miaka kumi, au na mgonjwa kitandani ambaye mchoro ule ulikuwa kazi yake ya kwanza tangu apate nguvu za kushika kalamu. Kijana wetu hajui mpaka leo, na kutokujua huko hakumpunguzii uzito. Yeye aliyeumba anajua, na kwa sababu Yeye anajua ndiyo maana akatuonya sisi tusiojua.

Wengine husema: "Lakini tulisema kweli, mkono ule ulikuwa mbaya." Naam, ulikuwa mbaya. Lakini kumwonyesha mtu kosa lake ni kazi, na kumcheka ni anasa. Anayetaka kurekebisha humwambia mwenziwe, tena kwa faragha kama inawezekana: hesabu vidole, tazama mkono wako mwenyewe, jaribu tena. Maneno hayo nayo hayazidi kumi.

Amana ya kazi ya mwenzio

Jambo la pili ni amana. Wachoraji wengi humo hupokea kazi za kuagizwa: mtu hutuma fedha, nusu au zote, kisha hungoja mchoro wake. Wako wanaotimiza, nao ni wengi. Wako pia wanaokula fedha wakanyamaza, na wakiulizwa sana hubadili lakabu na kuanza upya mahali pengine. Wako wanaokandamiza karatasi au kioo juu ya mchoro wa mwenzao, wakaufuatisha mstari kwa mstari na kutia jina lao.

Washairi wetu wa pwani waliijua adabu ya kutumia kazi ya mwenzio. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipotunga takhmisi juu ya shairi linalonasibishwa na Liyongo, aliongeza mistari yake mitatu kwa kila miwili ya asili, na mpaka leo kila msomaji anajua ipi ni ya nani. Hakuna aliyemwita mwizi. Mashabiki waaminifu hufanya vivyo hivyo: hutaja wazi hadithi ya asili ni ya nani, na katika ile hazina niliyoitaja ni marufuku kufanya biashara. Basi kosa haliko katika kujenga juu ya msingi wa mwingine. Kosa liko katika kuufuta msingi ule jina lake.

Siku hizi kumeingia na mashine za akili mnemba, zitoazo picha kwa kuwa zimelishwa picha nyingi mno za watu. Novemba 2022 DeviantArt ilitangaza chombo chake cha namna hiyo. Mwanzoni msanii asiyetaka kazi zake zitumiwe kufundishia mashine ilimpasa aombe mwenyewe ziondolewe. Wasanii walilalamika kwa nguvu, na upesi utaratibu ukageuzwa. Januari 2023 wasanii watatu wa Marekani walifungua kesi huko California dhidi ya kampuni za mashine hizo. Mambo ya mahakama tuwaachie mahakimu. Lakini malalamiko yenyewe yana mafundisho ndani yake: mwanadamu huumia kinapochukuliwa kilicho chake bila idhini, hata kama kilichochukuliwa ni mstari wa kalamu tu. Basi anayeilaani mashine mchana, na usiku akafuatisha mchoro wa mwenziwe, amekwisha kujihukumu kwa kinywa chake.

Wana wawili wa Adamu

Jambo la tatu ni husuda. Kurani Tukufu inatusimulia habari za wana wawili wa Adamu, ambao kila mmoja alitoa sadaka yake. Ya mmoja ikapokewa, ya mwingine isipokewe. Yule aliyekataliwa hakurudi kuitazama sadaka yake ina kasoro gani. Alimgeukia ndugu yake, akaanza kutafuta namna ya kumwondoa.

Nilimwuliza kijana kwa nini aliandika mzaha ule. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema kwamba usiku ule ule yeye pia alikuwa ameweka mchoro, alioufanyia kazi wiki mbili, na watu waliokuwa wameupenda ni wanne. Yule mgeni na vidole vyake sita alikuwa amekwisha kupata kumi na mmoja, kwa kuwa watu walimkaribisha. "Nikaona uchungu," akasema.

Hapo nikaelewa kwamba kisa cha wana wa Adamu hakijakwisha kutokea. Mtu hachukii kazi ya mwenziwe. Huchukia kule kupokewa kwake. Wala dawa si kuacha kuchora. Dawa ni kujua mapema, kabla ya kuiweka kazi mbele ya watu, umeifanya kwa ajili ya nani. Aliyeifanya kwa ajili ya hesabu ya alama atakuwa mtumwa wa hesabu hiyo, nayo haina rehema, kwani kesho itataka zaidi. Aliyeifanya kwa kushukuru kipawa alichopewa na Mola wake, huyo amekwisha kupokewa kabla mtu yeyote hajaitazama.

Jibu la swali

Sasa tulirudie swali la kijana. Kabla sijamjibu nilimweleza jambo langu mwenyewe, na wewe pia msomaji nitakueleza, usije ukadhani kwamba anayekuhubiria alizaliwa na kalamu safi.

Nilipokuwa mwanafunzi wa dini ng'ambo, sisi wanafunzi tulikuwa na gazeti la ukutani. Mwenzetu mmoja, mgeni wa nchi nyingine, alibandika shairi alilolitunga kwa lugha aliyokuwa amejifunza kwa mwaka mmoja tu. Lilikuwa na makosa. Nilipita pale usiku, nikaandika pembeni kwa kalamu neno moja la kejeli, bila jina. Asubuhi wote walicheka. Hakubandika shairi tena mpaka alipomaliza masomo. Chumba chake kilikuwa cha tatu kutoka changu, nami kwa miaka miwili sikuthubutu kubisha mlango wake, kila siku nikisema kesho. Akarudi kwao. Baada ya miaka mingi nilipata anwani yake, nikamwandikia kukiri. Alinijibu kwa upole kwamba amenisamehe, tena zamani. Akaongeza kwamba mwandiko wangu aliutambua asubuhi ile ile. Kumbe kwa miaka miwili, kila alipoitikia salamu yangu njiani, alikuwa anajua.

Basi mimi nilikuwa na mlango wa kubisha, nikachelewa. Kijana huyu anautaka mlango, haupati. Afanye nini?

Wanavyuoni wa Kiislamu walikwisha kukutana na swali linalofanana na hili katika mali. Mtu ana mali ya dhuluma mkononi, anataka kuirudisha, lakini mwenyewe hajulikani alipo. Walifundisha kwamba amtafute kwa juhudi. Akikata tamaa, aitoe sadaka kwa niaba ya mwenyewe, na mwenyewe akitokea siku moja apewe hiari: aridhike na thawabu ya sadaka ile, au alipwe mali yake. Vivyo hivyo walifundisha kwamba aliyemsema mtu vibaya, naye hawezi kumfikia, amwombee maghufira na amtaje kwa wema mahali pale pale alipomtaja kwa ubaya.

Nikamwuliza kijana: "Wewe ulimchukulia nini mtu yule? Fedha?" Akasema hapana. Nikamwambia: "Ulimvunja moyo. Basi hicho ndicho ulichonacho mkononi, na hicho ndicho cha kutoa sadaka kwa niaba yake. Nenda mahali pale pale, kwa lakabu ile ile, ukiri ulilofanya bila kujitetea. Mwombee kila siku, hata kama humjui. Mungu anajua unamkusudia nani. Kisha watafute wale wanaoanza, ambao kazi zao hazina hata neno moja chini yake, uwatie moyo kwa maneno ya kweli."

Amefanya hivyo. Wako waliomcheka kwa kukiri kwake, akavumilia. Yule aliyekosewa hajajitokeza, wala siwezi kukuahidi kwamba atajitokeza. Lakini kila siku, kabla ya sala ya Isha, kijana huyu humtafuta mwanafunzi mmoja aliyesahauliwa na kumwandikia sentensi moja ya wema aliyoifikiri vizuri. Siku chache zilizopita aliniambia kwamba kazi hiyo ni ngumu kuliko mzaha, maana humlazimu autazame mchoro kwa makini mpaka aone kilicho chema ndani yake.

Kazi yatima

Ndugu zangu mnaoichunguza dini, na ninyi mlioingia karibuni, nawaachieni jambo moja la kutafakari. Katika ile hazina ya hadithi kuna utaratibu kwamba mtunzi asiyetaka kujulikana tena na hadithi yake anaweza kuiacha yatima. Jina lake huondolewa, nayo hadithi hubaki ikisomwa. Akiisha kufanya hivyo hawezi tena kuidai.

Katika kitabu cha amali hakuna kazi yatima. Kurani Tukufu inatujulisha kwamba wako waandishi watukufu wanaoandika tuyatendayo, na kwamba siku ile wakosaji watastaajabu kuona kitabu hakikuacha dogo wala kubwa. Mtume Mtukufu s.a.w. alitueleza habari za mtu aliyefilisika kweli kweli: yule atakayekuja na sala zake na saumu zake, kumbe alimtukana huyu na kumla yule mali yake, basi mema yake yakagawiwa hao mpaka yakamwishia. Katika mgawanyo huo hakuna atakayeulizwa lakabu yake.

Lakini kitabu hicho hicho kinaandika pia zawadi iliyotolewa bila jina, usahihishaji wa usiku usiolipwa, na ile sentensi moja ya kabla ya Isha. Kila mmoja wetu leo ana kalamu, awe mchoraji au asiwe, na wengi wetu tunaitumia mahali tusipoonekana nyuso. Kama kuna mlango unaojua ulipo, usiseme kesho; nenda ukabishe leo. Na kama mlango umepotea, toa sadaka ya kile ulichokichukua.

Ewe Mola wetu, utusamehe yale tuliyoyaandika gizani, uwaponye wale tuliowavunja moyo nasi hatuwajui, na uzifanye kalamu zetu kuwa shahidi kwa ajili yetu, zisiwe shahidi dhidi yetu. Amin.